Swichi ya Taa na Soketi Katika Kisanduku Kimoja: Je, Nyaya Zilizomo Ukutani Zinatosha?

Msomaji mmoja wa Morogoro anauliza: "Chumba chetu cha kulala kina soketi moja tu, nayo imefichwa na kabati. Nimenunua kifaa chenye swichi ya taa na soketi kwa pamoja, na ninataka kukifunga mahali pa swichi iliyo karibu na mlango ili tupate pa kuchajia simu na kupigia pasi. Nilipoifungua swichi ya zamani nilikuta nyaya tatu: mbili nyekundu zimebanwa katika tundu moja, na moja nyeusi iko katika tundu la pili. Nimetazama video za Marekani na kazi inaonekana ndogo. Je, nyeusi ndiyo nyutro? Na kama hakuna waya wa ethi, ninaweza kuendelea?"

Ndugu msomaji, asante kwa kueleza ulichokiona kwa rangi na kwa idadi, maana jibu lote linategemea hapo. Nyaya hizo tatu haziwezi kulisha soketi. Waya mweusi karibu hakika si nyutro, yaani waya unaoukamilisha mzunguko kwa kuurudisha umeme kwenye chanzo chake, na hakuna namna ya kuzipanga upya nyaya hizo ili zitoe soketi iliyo salama. Soketi unaweza kuipata mahali hapo hapo unapoitaka, lakini kwa kuileta saketi ya soketi hadi kwenye kisanduku hicho, na kazi hiyo ina masharti yake.

Katika nyumba zetu nyingi, Tanzania na hata Kenya, nyaya hupitishwa mojamoja ndani ya mabomba ya plastiki yanayopanda ukutani hadi darini, ambako kuna visanduku vya kuungia. Nyutro ya taa hutoka kwenye kisanduku cha darini ikaenda moja kwa moja kwenye holda, bila kushuka kwenye swichi, kwa sababu swichi haina kazi nayo. Kinachoshuka ukutani ni laini, yaani waya unaoleta umeme, na kinachopanda tena ni waya wa kurudi, ambao hupeleka umeme kwenye taa pale tu swichi inapowashwa. Nyekundu zako mbili zilizobanwa pamoja, kwa hiyo, ni laini inayoingia na laini inayoendelea kwenda kulisha swichi nyingine. Ukizitenganisha na kusahau kuziunganisha, taa za chumba cha jirani au za ukumbini hazitawaka. Nyeusi ni waya wa kurudi, na fundi aliutumia kwa kuwa ndio aliokuwa nao mkononi, au kwa kuwa alitaka kuutofautisha na laini.

Hapo ndipo rangi zinapowapotosha wengi. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao nyumba zetu ziliurithi, laini ilikuwa nyekundu, nyutro nyeusi, na ethi, yaani waya wa usalama unaoungwa na ardhi, ya kijani au ya kijani na njano. Mfumo mpya, ambao Uingereza ilianza kuuruhusu mwaka 2004 na kuulazimisha kwa kazi mpya kuanzia mwaka 2006, una laini ya kahawia, nyutro ya bluu, na ethi ya kijani na njano. Nyumba iliyojengwa kwa awamu inaweza kuwa na mifumo yote miwili katika ukuta mmoja. Rangi ya waya inakuambia fundi alikusudia nini, si kile waya unachokifanya.

Hata mita inaweza kukudanganya ikiwa hujui unachokipima. Swichi ikiwa imezimwa na balbu ikiwa imebaki kwenye holda, mita ya volti ikiwekwa kati ya nyekundu na nyeusi inaweza kusoma karibu volti 230, kwa kuwa waya wa kurudi umeifikia nyutro kwa kupitia ndani ya balbu, na mita yenyewe hutumia mkondo mdogo mno. Mtu huiona namba hiyo akaamini kuwa amepata laini na nyutro. Swichi ikiwashwa, namba hiyo hiyo hushuka hadi sifuri, kwa sababu sasa pande zote mbili ni laini moja. Nyutro ya kweli haibadiliki namna hiyo: kati yake na laini utasoma volti 230 au karibu na hapo, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa, balbu ikiwepo au ikiwa imetolewa. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa umewashwa na kisanduku kikiwa wazi, kwa hiyo kama hujazoea kuishika mita na ncha zake kwa utulivu, mwachie fundi.

Tuseme umekifunga kifaa chako kwa laini na huo waya mweusi. Soketi itakuwa imeunganishwa kwa mfuatano na taa, si sambamba nayo. Taa ikiwa imewashwa, soketi haitatoa kitu, kwa kuwa matundu yake yote mawili yako kwenye laini ileile. Haitachaji simu, lakini mtu akigusa tundu lolote kati ya hayo huku amesimama chini atapigwa na volti 230 kamili. Taa ikiwa imezimwa, ukichomeka pasi ya wati 2000, pasi itabaki baridi na taa ndiyo itakayowaka, kwa sababu ukinzani wa pasi, ambao ni kama omu 26, ni mdogo sana ukilinganishwa na wa balbu. Chaja ya simu nayo itafanya kazi kwa kusuasua huku balbu ya LED ikimetameta. Ukisikia mtu akilalamika kwamba soketi yake "hufanya kazi taa ikizimwa tu", ujue ndivyo alivyofungiwa.

Njia ya pili ya mkato, ambayo ndiyo ninayoiogopa zaidi, ni kuutumia waya wa ethi kama nyutro. Kuna mafundi huifanya kwa kuwa matokeo yake ya haraka yanaridhisha: pasi inapata moto, chaja inachaji, na mwenye nyumba analipa. Nyumba nyingi hutegemea nondo ya ethi iliyochimbiwa ardhini, na ukinzani kati ya nondo hiyo na ardhi hutegemea udongo na unyevu wake. Chukua mfano wa omu 20, ambazo si ajabu kabisa wakati wa kiangazi. Pasi ya omu 26 ikirudisha umeme wake kwa njia hiyo, jumla ya ukinzani ni omu 46, mkondo ni takriban ampea 5, na kwenye nondo, pamoja na kila waya wa ethi ulioungwa nayo, kunakuwa na kama volti 100. Hiyo ina maana kwamba mwili wa friji jikoni, mwili wa mashine ya kufulia, na fremu ya hita ya maji bafuni vyote vimebeba volti 100 kwa muda wote ambao mtu anapiga pasi chumbani. Breka ya ampea 6 haitakatika, maana ampea 5 hazijaifikia. Waya wa ethi ukikatika mahali fulani, hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa vyote vilivyoungwa baada ya sehemu iliyokatika hupata volti 230. Ikiwa nyumba ina kifaa cha RCD cha miliampea 30, chenye kazi ya kukata umeme unapovuja, kitaikataa kazi hiyo mara moja. Fundi akipendekeza RCD iondolewe "kwa sababu inasumbua", msimamishe kazi hapo hapo.

Ya tatu ni kuazima nyutro: laini inachukuliwa kwenye swichi ya taa, na nyutro inavutwa kutoka kwenye soketi iliyo karibu. Mkondo unaotoka kwa breka ya taa unarudi kwa nyutro ya saketi nyingine. Kama saketi hizo mbili ziko kwenye RCD tofauti, zote zitakatika kila unapochomeka kitu. Kama hakuna RCD, kifaa kitafanya kazi bila tatizo lolote hadi siku fundi mwingine atakapozima breka ya soketi, akafungua nyutro akiamini kuwa haina umeme, na kukutana na laini ya taa iliyopita ndani ya kifaa chako kilichochomekwa. Ajali ya namna hii humpata mtu ambaye hakukosea kitu, na ndiyo maana ninaikataza kwa mkazo.

Sasa kuhusu zile video. Sina sababu ya kusema kwamba ni za uongo. Zinaeleza nyumba nyingine. Marekani hutumia volti 120 majumbani, na saketi moja ya ampea 15 au 20 inaruhusiwa katika vyumba vingi kulisha taa na soketi kwa pamoja, kwa nyaya za unene uleule. Zaidi ya hapo, kanuni yao ya kitaifa ya umeme, tangu toleo la mwaka 2011, inataka nyutro ipatikane kwenye visanduku vingi vya swichi. Kwa hiyo mwenye video anapofungua swichi yake mara nyingi anazikuta laini, nyutro na ethi zikimsubiri. Hata huko, nyumba ya zamani inaweza kuwa na waya mweupe ambao si nyutro bali ni laini inayoshuka kwenye swichi, na wanaoelewa kazi hulionya hilo. Sisi tumefuata desturi ya Kiingereza, ambamo taa zina saketi yake ya ampea 5, 6 au 10 kwa waya unaoitwa madukani wa 1.5, yaani wa milimita za mraba 1.5, na soketi zina yake ya ampea 16, 20 au 32 kwa waya wa 2.5. Utengano huo ndio unaokuzuia, wala si ugumu wa kukaza skrubu.

Labda utauliza: ikiwa nikiivuta nyutro ya kweli na ethi ya kweli kutoka kwenye kisanduku cha taa cha darini, nikaifanya soketi iwe sehemu ya saketi ya taa, kuna ubaya gani? Kwa chaja ya simu na redio, umeme utatosha. Lakini breka ya ampea 6 kwa volti 230 inabeba wati 1380 kwa taa zote na soketi hiyo kwa pamoja, na pasi ya wati 2000 peke yake inataka karibu ampea 8.7. Breka haitakatika papo hapo. Itavumilia kwa muda, kisha taa za upande mzima wa nyumba zitazimika usiku mtu akiwa ameshika pasi ya moto. Hilo ni kero tu, na waya bado umelindwa. Hatari inakuja baadaye, pale mtu anapochoka na kero hiyo akaiondoa breka ya 6 na kuweka ya 20 au ya 32. Waya wa 1.5 ndani ya bomba hubeba takriban ampea 17.5 katika joto la nyuzi 30. Chini ya mabati yaliyopigwa na jua joto la darini hupanda sana, na likifika nyuzi 50 uwezo huo huo hushuka hadi kama ampea 12. Breka ya 32 haitaona kosa lolote huku ganda la waya likilainika juu ya dari ambako hakuna anayeliona. Soketi ya pini tatu za mraba ni ahadi ya ampea 13 kwa kila atakayeingia chumbani humo, awe mgeni, mpangaji au msaidizi wa kazi, na hakuna maandishi ya kubandika ukutani yatakayomzuia mtu kuchomeka birika. Ndiyo sababu siifungi soketi hiyo kwenye saketi ya taa, na sikushauri uifunge.

Njia iliyo sahihi ni kuileta saketi ya soketi. Chanzo cha karibu ni ile soketi iliyofichwa na kabati. Fundi aifungue na kuona kilichomo: ikiwa kila tundu lina nyaya mbili, yaani laini mbili, nyutro mbili na ethi mbili, inawezekana iko kwenye mzunguko wa breka ya 32 unaoanza kwenye bodi ya breka na kurudi huko huko, na kutoka hapo inaruhusiwa kuvuta tawi moja la waya wa 2.5 kwa soketi moja. Ikiwa kuna waya mmoja mmoja tu, huenda soketi hiyo yenyewe ni tawi la mzunguko, na hairuhusiwi kuongezewa tawi jingine bila fyuzi. Au ni mwisho wa saketi ya breka ya 16 au 20, ambayo kurefushwa kwake hakuna kizuizi. Tofauti hizi haziamuliwi kwa macho. Zinahitaji nyaya zipimwe hadi kwenye bodi, umeme ukiwa umezimwa. Kama ikionekana ni afadhali kuvuta saketi mpya kutoka kwenye bodi, ninapendelea breka ya 16 kuliko ya 20 kwa waya wa 2.5 unaopita chini ya mabati, kwa kuwa uwezo wake wa ampea 24 hushuka hadi 17 katika joto nililolitaja. Kwa vyovyote vile, soketi hiyo iwe chini ya RCD ya miliampea 30.

Nyaya tatu mpya, laini, nyutro na ethi, zinaweza kushushwa katika bomba lile lile la swichi ikiwa ni la milimita 20 na halina kona nyingi. Nafasi inatosha kwa 3 za 1.5 pamoja na 3 za 2.5. Zikigoma kupita zisilazimishwe, maana ganda hukwaruzika na kosa hujificha ndani ya ukuta. Hapo ni bora kutindua ukuta kwa mstari wa wima ulionyooka, au kutumia mfereji wa plastiki wa kubandika ukutani, ambao haupendezi sana lakini ni salama.

Kuhusu kifaa ulichokinunua, kikague kabla ya kumwita fundi. Soketi nyingi madukani zina swichi juu yake, lakini swichi hiyo huikata soketi yenyewe tu na haina tundu la kupeleka umeme kwenye taa. Ikiwa umenunua hiyo, haitawasha taa yako kamwe. Kinachokufaa kina seti mbili za matundu nyuma yake: L, N na alama ya ethi kwa soketi, na mengine mawili kwa swichi ya taa. Angalia pia kama kiwandani wameunganisha laini ya soketi na ya swichi kwa kipande cha shaba. Kwa kuwa kwako zitakuwa saketi mbili tofauti, kipande hicho lazima kiondolewe, na kama hakiondoki, kifaa hakifai. Vilevile, soketi zenye matundu ya kila umbo la plagi sizipendi, kwa kuwa nyingi hushika pini kwa ulegevu, na mahali palipolegea ndipo panapoungua pasi ikiwa imechomekwa. Soketi ya ampea 13 ya kiwango cha BS 1363 ina vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ndefu ya ethi. Desturi ya kuvifungua kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili iachwe, hasa katika chumba chenye watoto.

Kisanduku nacho kitabadilika. Cha swichi ya taa mara nyingi kina kina cha milimita 16 au 25, na soketi inataka 35 ili nyaya za 2.5 zisibanwe hadi kupinda. Kifaa cha pamoja kwa kawaida ni cha upana wa milimita 146 au 147, kwa hiyo tundu la ukutani litapanuliwa. Mimi ningechagua swichi ya taa ibaki katika kisanduku chake na soketi iwekwe katika kisanduku chake chini yake, kwa sababu saketi mbili ndani ya kisanduku kimoja humhadaa anayezima breka moja akaamini kila kitu kimelala. Ikiwa nyumba ina umeme wa fezi tatu na saketi hizo ziko kwenye fezi tofauti, kati ya nyaya za kisanduku hicho kimoja kuna volti 400, na hapo kuzitenganisha silioni kuwa suala la kuchagua. Soketi ya urefu wa mita 1.2 ukutani huning'iniza waya wa pasi kwenye njia ya mlango, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuishusha.

Siku ya kazi, zimeni swichi kuu, si breka moja, na kama kuna sola yenye inveta au jenereta, nayo itengwe. Mita ijaribiwe kwanza mahali palipo na umeme, kisha kwenye kisanduku, kisha irudishwe mahali penye umeme kuthibitisha kwamba haijafa katikati ya kazi. Testa ya bisibisi isitegemewe kwa uamuzi huu. Zile nyekundu mbili zibaki pamoja katika tundu la laini la swichi mpya, na nyeusi iende kwenye tundu lake la pili, kama zilivyokuwa. Umeme ukiwa bado umezimwa na vifaa vyote vimechomolewa, fundi apime mwendelezo wa ethi kutoka soketi mpya hadi bodi, na ukinzani wa maganda ya nyaya kwa volti 500, ambao usipungue megaomu 1. Umeme ukirudishwa, laini na nyutro zisome karibu 230, laini na ethi zisome karibu sawa na hiyo, nyutro na ethi zisome volti chache tu, na kitufe cha majaribio cha RCD kikibonyezwa kikate mara moja.

Kubadili swichi kwa swichi ya aina ileile ni kazi ambayo mwenye nyumba makini huweza kuifanya. Kuongeza soketi na nyaya zake ni ufungaji, na kwa Tanzania Bara unatakiwa ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kama ambavyo Kenya hutaka leseni ya EPRA, mamlaka yake ya nishati na petroli. Mwombe akuonyeshe leseni kabla ya kukubaliana bei, na mwambie wazi kwamba unataka vipimo hivyo vifanyike mbele yako. Na kabla hujatindua ukuta, mwulize pia gharama ya kuihamisha ile soketi ya nyuma ya kabati hadi pembeni ya kabati: ukuta ni uleule, nyaya zote tatu tayari zipo, na umbali huenda usizidi mita moja.